Sura ya Sita: Kilomita Kumi na Moja

Saa mbili na robo asubuhi wanaume wawili walikuwa wamesimama pande mbili za gari moja, na hakuna aliyekuwa tayari kumtazama mwenzake.

Inspekta aliwaona tangu anafungua kufuli la mlango wa bati, lakini hakuharakisha. Alitundika mkoba, akavaa koti lake la kazi, akamimina chai kutoka kwenye chupa na kupiga mafunda mawili, ndipo akatoka uani. Watu walimwita Inspekta ingawa hakuwahi kuvaa hata nyota moja begani. Alifanya kazi miaka ishirini na miwili katika karakana ya magari ya polisi, akichunguza kwa nini gari lilikataa breki, kwa nini lilishika moto, nani alikuwa wa mwisho kuligusa. Alipostaafu alifungua chumba hiki chenye meza moja, rafu tatu na mashine ya kusomea kompyuta za magari, na jina likamfuata lenyewe.

Gari lilikuwa la viti saba, refu, lililoinuka juu ya matairi mapana kama linataka kuruka mtaro. Mwenye gari, mwanamume mrefu ambaye shati lake lilipigwa pasi mpaka mikunjo ikawa mikali kama wembe, alikuwa mpimaji wa ardhi. Yule wa upande wa pili alikuwa Fundi Sabuni. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuna mteja aliyewahi kumkuta na mikono michafu. Akifungua boliti moja ananawa, akifunga ananawa tena.

Mpimaji ndiye aliyeanza kueleza, na alieleza kwa mpangilio wa mtu aliyezoea kuandika ripoti. Wiki sita zilizopita taa ya injini iliwaka kwenye dashibodi na gari likaishiwa nguvu mlimani. Alilipeleka kwa Sabuni, akabadilishiwa plagi. Taa ikazima, ikarudi. Akabadilishiwa koili, ikarudi. Akabadilishiwa sensa mbili, ikarudi. Kisha wiki tatu hizi mambo yakawa ya kiini macho: taa inawaka jioni, asubuhi haipo, na hakuna fundi aliyeliona gari. Kwa hesabu yake, Sabuni alikuwa ameifundisha taa ile kwenda na kurudi, ili mteja naye awe anaenda na kurudi.

"Nimeandika barua," alimalizia, akigonga mfuko wa shati. "Umoja wa mafundi unakutana leo saa tisa. Nitawasomea mwenyewe."

Inspekta alijua maana ya kikao kile. Umoja ulikuwa unachagua fundi wa kuhudumia mabasi manane ya shule, na Sabuni ndiye aliyekuwa akitajwa na kila mtu. Barua moja ya namna ile ingetosha kulifuta jina lake hata kabla halijasomwa.

Mpimaji akaongeza jambo jingine kwa sauti ya chini kidogo. Jumamosi binti yake alikuwa anahitimu chuo, upande wa pili wa mlima. Gari likiwa hivi hawataweza kulipandisha. Yeye na mkewe wangekwenda kwa basi, lakini mama mkwe wake, mwenye nyonga mbovu, hawezi kukaa kwa muda wa saa tisa kwenye kiti cha basi. Ingebidi abaki nyumbani peke yake.

Inspekta alikwenda ndani kuchukua mashine yake. Aliingia kwenye gari, akachomeka waya wa mashine yake chini ya usukani, akawasha swichi bila kuwasha injini. Kioo cha mashine kikawaka. Hakikuonyesha msimbo wa hitilafu hata mmoja.

"Taa iliwaka lini mara ya mwisho?" aliuliza.

"Jana jioni, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Kwenye mwinuko wa shule."

"Ikabaki inawaka?"

"Mpaka nazima gari nyumbani. Leo asubuhi nimewasha, haipo."

Inspekta alibonyeza vitufe na kufungua ukurasa ambao mafundi wengi hawahangaiki kuusoma. Alisoma mara mbili, kisha akamwomba Mpimaji amtajie namba ya mita ya kilomita jana alipofika nyumbani. Alikuwa na bahati ya kupata shahidi adimu, kwani yule bwana alitoa kijidaftari mfukoni na kusoma bila kusitasita: mia moja arobaini na nane elfu, mia mbili na sita. Sasa hivi mita ilisema mia mbili kumi na saba.

"Kutoka kwako mpaka hapa?"

"Kilomita kumi na moja. Kamili."

"Basi sogea uone." Aliwaita wote wawili dirishani. "Kompyuta ya gari haisahau kwa hiari yake. Mtu akiiamuru isahau, inafuta misimbo, inazima taa, halafu inaanza kuhesabu upya umbali tangu ilipofutwa. Hapa imeandika kumi na moja."

Sabuni alielewa kabla ya mwenye gari. Mabega yake yalishuka kama mtu aliyetuliwa gunia.

Inspekta alieleza hatua kwa hatua ili asiwepo wa kusema hakuelewa. Taa ilikuwa inawaka jana gari lilipozimwa nyumbani. Tangu misimbo ifutwe, gari limetembea kilomita zilezile za kutoka nyumbani mpaka hapa, bila kupungua wala kuzidi. Kwa hiyo ilifutwa gari likiwa limeegeshwa nyumbani. Na haifutwi kwa mbali wala kwa uchawi. Lazima mtu awe na kifaa cha kuchomeka chini ya usukani, na ufunguo uwe kwenye swichi.

"Fundi, unao ufunguo wa gari hili?"

"Sijui hata anakoishi, dada."

Mpimaji alikunja uso. "Unataka kusema ni mtu wa nyumbani kwangu."

"Mimi nasema kilomita kumi na moja."

Kabla ya kwenda huko nyumbani, Inspekta alitaka kulisikia gari lenyewe likilalamika. Walipanda wote watatu, Mpimaji akaendesha, wakaelekea barabara ya tangi la maji, iliyo kali kuliko zote mjini. Katikati ya mwinuko injini ilikohoa, gari likatetemeka, na taa ya manjano ikawaka. Inspekta alikuwa na mashine mapajani. Misimbo mitatu ilitokea kwa mpigo: silinda ya nne inakosa moto, sensa ya mhimili wa juu imepoteza mawasiliano, sensa ya moshi haipati joto.

Sabuni alisema kwa uchungu kwamba vyote vitatu alikwisha kuvigusa. Alifuata kila msimbo ulikomwelekeza, akabadilisha kilichotajwa.

"Hapo ndipo ulipokosea, ndugu yangu, lakini ni kosa la mtu mwaminifu," Inspekta alimwambia. "Mashahidi watatu wasiojuana wakipiga kelele sekunde moja, usiwahoji mmoja mmoja. Uliza walikuwa wamesimama wapi pamoja."

Walisimama juu kwenye tangi na kufungua boneti. Upepo ulikuwa mzuri, mji umelala chini na mapaa yake yakimeta, na Inspekta alijikuta anapiga mluzi. Kesi ilianza kumnogea. Aliinama na tochi, akafuata fungu la nyaya lililopita nyuma ya injini, karibu na ukuta wa mbele wa bodi, mahali ambapo mkono wa mtu mzima huingia kwa taabu. Hapo akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona ndani ya gari maisha yake yote.

Nyaya zilikuwa zimefungwa kwa uzi. Ulikuwa mwembamba, mweupe, uliopakwa nta, umezungushwa kwa mafundo yaliyopangana sawasawa, kila upana wa kidole fundo moja, mstari mnyoofu kama mshono wa fundi cherehani. Alimwita Sabuni aone. Sabuni akaapa kwamba hakuufunga yeye. Fundi wa magari hutumia tepu nyeusi au vifungo vya plastiki, nani ana muda wa kudarizi injini? Mpimaji naye hakuujua.

Inspekta alipiga picha ya mafundo yale, akafunga boneti. "Twendeni nyumbani kwako," alisema.

Nyumba ilikuwa na geti la kijani, uwanja mdogo wa saruji, na nafasi ya gari chini ya dirisha la chumba cha nyuma. Mke wa Mpimaji, mwanamke mchangamfu aliyekuwa akipiga pasi nguo za safari, aliwakaribisha sebuleni. Aliposikia jambo lenyewe alicheka mpaka akaweka pasi chini. Kikulacho ki nguoni mwako, alisema, lakini nguo zenyewe ndani ya nyumba hii ni tatu tu.

Inspekta alimwuliza kuhusu funguo. Ulikuwepo mmoja wa mumewe, na wa akiba ulining'inia kwenye msumari karibu na mlango wa jikoni, mahali ambapo yeyote angeufikia. Akauliza kuhusu asubuhi. Saa kumi na mbili mume huoga, na hukaa bafuni dakika ishirini kamili. Yeye mke huwa jikoni na redio juu. Na mama?

Mpimaji ndiye aliyejibu, akasimama wima kama anayepigia bendera saluti. Mama huwa amelala. Yeye amepiga marufuku mtu yeyote kumsumbua. Tangu mama mkwe alipohamia kwao baada ya kuumia nyonga, hajawahi kumruhusu anyanyue hata kikombe. Amemwekea mito mitatu kwenye kiti, amemwekea kengele ya kuita akitaka maji. Hata habari za gari na ugomvi wa fundi hakumweleza, asije akashtuka.

Mkewe alitazama dari kidogo, kama mtu aliyekwisha kusema neno lake kuhusu jambo hilo na kushindwa. Kisha akakumbuka kitu. Mara mbili mwezi huu alimwona jirani yao, mwenye duka la vipuri, ameinua boneti ya gari lao. Alidhani mume amemtuma.

Mpimaji alibadilika rangi. Hakumtuma. Na jirani huyo alikwisha kumwambia mara tatu kwamba gari likimchosha, yuko tayari kulichukua.

Basi waliongozana mpaka dukani, nyumba ya tatu. Jirani, mtu mnene mwenye miwani kwenye paji la uso, alimwona Inspekta na mashine yake, akaanza kufuta kaunta iliyokuwa safi. Inspekta hakupoteza muda. Kwenye rafu nyuma ya bwana yule kulikuwa na visomeo vidogo, vile vya ukubwa wa kiberiti vinavyochomekwa chini ya usukani na kupeleka taarifa kwenye simu. Akauliza ameuza vingapi mwezi huu.

"Vitatu. Viwili kwa madereva wa teksi."

"Na cha tatu?"

"Hicho nimeapishwa, dada. Mtu mwenyewe siwezi kumvunjia neno."

Mpimaji alitaka kuruka kaunta. Sabuni alimshika mkono, jambo lililowashangaza wote wawili. Inspekta aliuliza kwa upole kilichompeleka jirani kwenye boneti ya watu.

"Nilisaidia tu kuinua. Boneti ile ni nzito kwa mtu wa mkono mmoja."

Alipokwisha kusema alijiziba mdomo. Inspekta alitabasamu, akamshukuru, akamnunulia kipande cha msasa na kutoka nje. Nani huwa na mkono mmoja tu wa kufanyia kazi, hali anayo yote miwili? Ni yule ambaye mkono wa pili umeshika mkongojo.

Aliwaomba wengine wakae sebuleni, akabisha hodi chumba cha nyuma peke yake.

Mama mkwe alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, wa miaka sabini na kitu, amekaa juu ya mito yake mitatu kama yai kwenye pamba. Dirisha lilikuwa wazi, na chini yake, mita mbili tu, lilionekana paa la gari. Inspekta alimwamkia shikamoo, akaitikiwa, akaketi kwenye ncha ya kitanda. Wakaulizana hali. Wakati wote huo macho ya Inspekta yalikuwa kwenye mkongojo ulioegemea kiti. Mshiko wake ulikuwa umezungushiwa uzi wa nta, fundo kwa fundo, upana wa kidole.

"Mama, nani alikufungia mkongojo huu?"

"Mikono hii."

"Na mikono hii ilijifunza wapi?"

Macho ya bibi yakacheka kabla ya mdomo. "Kituo cha simu. Miaka thelathini na moja. Nyaya elfu nne ukutani, zote zafungwa kwa uzi, na msimamizi anapita na rula. Fundo likipinda unafumua unaanza upya. Wewe umeona la wapi jingine?"

"Nyuma ya injini ya mkweo."

"Limenyooka?"

"Limenyooka, Mama."

"Alhamdulillahi. Pale palikuwa na giza, nilifunga kwa kupapasa."

Inspekta alicheka, lakini hakuacha kazi. Alimweleza kilichokuwa sebuleni: fundi mmoja alikuwa akituhumiwa kwamba ndiye anayezima ile taa kwa hila, na saa tisa angesomewa barua mbele ya wenzake. Kicheko kilitoweka usoni mwa bibi. Hakujua. Hakuna aliyemwambia. Akashika mkongojo na kusimama, kengele yake ikianguka sakafuni na kubingirika chini ya kitanda, na akatoka chumbani kwa mwendo ambao Inspekta alilazimika kuukimbilia.

Sebuleni Mpimaji aliruka kumpokea mkono, Mama, taratibu, Mama, utaanguka. Bibi akampita na kwenda kusimama mbele ya Sabuni.

"Mwanangu, taa nilikuwa nazima mimi. Nisamehe. Nilidhani nachezea gari la mkwe wangu tu, sikujua kwamba nachezea jina lako."

Kisha bibi aliketi, kwenye kiti kigumu safari hii, akaeleza. Wiki tatu zilizopita, dirisha likiwa wazi, alisikia wanawe wakisema gari lisipopona basi Mama atabaki. Mjukuu ni wake wa kwanza. Ndiye aliyemfundisha kusoma saa. Akaona hatakaa juu ya mito kusubiri kuachwa. Alinunua kisomeo kwa jirani na kumwapisha. Kila siku mkwe anapoingia bafuni, yeye anachukua ufunguo msumarini na kutoka.

"Kwenye simu," alisema, "laini ikilalamika leo na kesho ikakaa kimya, hubadilishi simu ya mteja. Unafuta malalamiko ya jana, unasubiri ilalamike tena, unaandika. Saa ngapi, jua au mvua, nani alilia kwanza. Nilikuwa nafuta ili nione linalorudi."

Akatoa karatasi kutoka kwenye mfuko wa gauni. Ilikuwa imepigwa mistari kwa rula. Siku kumi na tisa, misimbo, joto la injini, na safu ya mwisho yenye kichwa "mlima au tambarare", aliyoijaza kwa kusoma mzigo wa injini uliohifadhiwa pamoja na kila msimbo. Misimbo yote mitatu ilirudi pamoja, kila mara mlimani, kila mara injini ikiwa ya moto. Chini kabisa alikuwa amechora nyaya tatu zinazokutana kwenye boliti moja, na kuizungushia duara.

Inspekta aliishika karatasi ile kwa mikono miwili. Katika karakana ya polisi aliwahi kuona ripoti za wataalamu wenye vyeti ukutani ambazo hazikuifikia hata robo.

"Waya wa hasi," alisema Sabuni, akiwa amesogea kutazama begani kwake. "Vyote vitatu vinarudishia umeme kwenye boliti ile."

"Nilizifunga nyaya ili zisitikisike," bibi alisema. "Tangu hapo taa ilikuwa inawaka kila baada ya siku tatu, si kila siku. Lakini boliti yenyewe nyonga yangu hainifikishi. Jirani nilimwomba ajaribu, mkono wake haukuingia. Ameshiba sana."

Mke wa Mpimaji alicheka mpaka machozi yakamtoka, akamkumbatia mama yake. Mpimaji peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama katikati ya sebule, mikono imening'inia.

"Mama, kwa nini hukuniambia? Ningekuzuia nini?"

"Ungenizuia yote, baba. Umenipa heshima nyingi mpaka nimekosa kazi. Mtu hafi kwa kubeba kikombe."

Alisema kwa upendo, wala hakupandisha sauti, na kwa sababu hiyo neno lilimwingia mkwewe barabara. Mpimaji aliinamisha kichwa. Akasema, polepole, kwamba amesikia.

Walitoka nje wote. Sabuni alikunja mikono ya shati, akaingiza mkono wake mwembamba nyuma ya injini, na spana ndogo ikaanza kulia tik, tik, tik. Boliti ilitoka bila nguvu, ilikuwa imelegea. Inspekta alipomulika mahali ilipokaa, aliona kilichomfanya apige ulimi. Palikuwa pamepakwa rangi. Rangi nzuri, ya kung'aa, ileile ya bodi, na kutu imejipenyeza pembeni yake.

Mpimaji alikumbuka papo hapo. Mwaka jana alikwaruza gari kwenye geti, akalipeleka kupakwa rangi upya. Mpakaji alifungua boliti, akapaka kila alipopaona, akaifunga juu ya rangi. Umeme haupiti kwenye rangi. Kwenye tambarare waya uligusa chuma kwa pembeni na mambo yakaenda. Mlimani injini inapojikaza na kusogea kidogo, mguso unakatika, na vifaa vitatu vinapiga kelele kwa pamoja.

Kipande cha msasa kilifanya kazi dakika tano. Chuma kikang'aa. Sabuni alifunga boliti kwa nguvu, kisha, kama ilivyo ada yake, akaenda kunawa. Alitaka pia kuukata ule uzi wa nta na kuweka tepu, Inspekta akamkataza.

Barabara ya tangi la maji waliipanda mara tatu. Mpimaji aliendesha, Mama akakaa kiti cha mbele na simu yake mkononi, wengine watatu nyuma. Mara ya kwanza wote walikodolea macho dashibodi. Mara ya pili Inspekta aliagiza wapande kwa gia nzito, injini ikinguruma, na gari likapanda kama linateremka. Mara ya tatu mke wa Mpimaji alikuwa anaimba. Juu kwenye tangi Mama alitazama simu, akaifuta kioo kwa gauni, akatazama tena.

"Hakuna aliyelalamika," alisema.

Inspekta alihakikisha kwa mashine yake, maana mpelelezi haamini hata anachokipenda. Ilikuwa kweli.

Mpimaji alishuka, akazunguka mpaka mlango wa Sabuni na kuufungua. Alitoa ile barua mfukoni, akaigeuza upande usioandikwa, akaandika juu ya boneti iliyokuwa ya moto. Kisha akaisoma kwa sauti, bila kuruka neno. Ilisema kwamba yeye, mwenye gari, alimshuku fundi kwa jambo lililotendeka ndani ya geti lake mwenyewe. Kwamba fundi alifanya kazi yake kwa uaminifu. Kwamba hitilafu ilisababishwa na rangi aliyoiagiza yeye. Na kwamba angetaka mabasi yatakayombeba mtoto wa mtu yeyote yashikwe na mkono wa fundi huyu. Akauliza kama kuna kilichopungua. Sabuni alisema hakuna, halafu akageuka kutazama mji kwa muda, akisingizia upepo machoni.

Saa tisa gari liliegeshwa nje ya ofisi ya umoja wa mafundi. Sabuni na Mpimaji waliingia pamoja, na walikaa ndani muda wa kutosha mke wa Mpimaji kwenda kununua karanga na kurudi. Inspekta alikaa na Mama garini, wakilinganisha hitilafu walizowahi kuzitafuta. Moja ya Mama ilimchukua miezi minne, ikaonekana ni panya. Kisha kelele za makofi zilisikika kutoka dirisha la juu, na Sabuni akatoka akikimbia kama mwanafunzi aliyesikia kengele. Mabasi yote manane yalikuwa yake.

Aliwashika mikono mmoja mmoja. Alipofika kwa Mama alichutama kwenye mlango wa gari ili macho yao yalingane, akasema ana ombi. Mabasi yale ni ya zamani, na nyaya zake zimepita kwenye mikono ya watu wengi wenye haraka. Yeye anajua chuma. Subira ya nyaya hana. Angefurahi kama Mama angefika kwenye karakana yake siku mbili kwa wiki, akae kitini, amwonyeshe njia.

Wote wakamtazama Mpimaji. Mkewe aliacha kutafuna. Inspekta aliona mkono wa yule bwana ukiinuka nusu, mkono uliozoea kuzuia, kisha ukashuka wenyewe.

"Kitini sitakaa," Mama alisema, akiwa bado anamtazama Sabuni. "Na nitahitaji ovaroli. Gauni linashika grisi."

Mpimaji alikohoa. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa suruali, akatoa futi yake ya chuma ya kazini, akaivuta mpaka ikalia.

"Nyoosha mkono, Mama," alisema. "Nipime urefu."